Kuchagua mbegu ya bata bukini: mtagaji au mwatamiaji?

Wanaoanza kufuga bata bukini huja na maswali matatu yale yale. Jike ametaga mayai tisa, amekalia kiota na hataki kuondoka. Nimfanyeje aendelee kutaga? Nilinunua jike kutoka kundi linalotaga sana, mbona binti zake wametaga kiduchu? Na dume, ana mchango gani kwenye mayai ilhali hatagi?

Majibu yote yamo kwenye urithi, na kazi yake hufanyika kwa daftari na kalamu. Makundi mengi ya kienyeji hutaga kidogo kwa sababu moja: mwenye bukini husubiri jike aatamie, hivyo vifaranga wote wanaopatikana ni watoto wa majike waliokubali kukaa. Yule aliyetaga mayai 45 bila kukalia hata moja, mayai yake yaliliwa au yaliuzwa. Baada ya vizazi vinne vitano kundi zima ni la waatamiaji. Mfugaji anawalaumu bukini, kumbe amewachagua mwenyewe.

Ya kujua kabla ya kuanza

Kutaga na kuatamia haviendi pamoja. Jike anapokaa juu ya mayai, homoni ya prolaktini hupanda na kuzima zile zinazokuza viini vya mayai. Ovari husinyaa. Akiachwa aatamie siku 30 kisha alee vifaranga, amepoteza miezi miwili au zaidi bila yai.

Hakuna kinasaba kimoja cha mayai. Vipo vingi, kila kimoja na mchango mdogo, na matunzo nayo yana sehemu kubwa. Katika tofauti za idadi ya mayai unazoziona ndani ya kundi, sehemu ndogo tu, tuseme moja ya tano, ndiyo hurithishwa kwa watoto. Uzito wa mwili na uzito wa yai hurithiwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana ni rahisi kupata bukini wakubwa kuliko bukini watagaji, na anayechagua wakubwa tu kila mwaka kwa kawaida hujikuta na mayai machache.

Dume hubeba nusu ya urithi wa binti zake. Kwa ndege, jinsia huamuliwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ziitwazo Z na W: dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Binti hupata Z yake kutoka kwa baba tu. Vinasaba vyovyote vilivyo kwenye Z ya jike bora haviwafikii binti zake. Huenda kwa watoto wake wa kiume, na kupitia kwao hufika kwa wajukuu wa kike. Kwa hiyo ukiwa na jike bora, mtoto wake wa kiume ni wa kutunza, si wa kuchinja Krismasi.

Aina nayo huweka mipaka. Uchina wana bukini wa Huoyan kutoka Liaoning, anayeweza kufikia takriban mayai 100 kwa mwaka na karibu haatamii kabisa. Na huko huko wana bukini mweupe wa Wanxi, mwatamiaji hodari, anayetaga 25 hivi. Toulouse na Embden wa Ulaya hutaga kwa kawaida kati ya 25 na 40. Bukini wengi wa Afrika Mashariki ni machotara. Mwenye kinundu juu ya mdomo ana asili ya Asia; asiye na kinundu na mwenye tumbo linaloning'inia ana asili ya Ulaya. Wote wawili huzaliana na watoto wao huzaa.

Mahitaji

- Majike wasiopungua 8 na madume wasiopungua 3, wasiotoka wote kwa mama mmoja
- Pete za miguu zenye namba, saizi ya bata bukini; za kuku hubana na kukata mguu
- Viota vya sentimita 60 kwa 70 hivi, kimoja kwa kila majike 2 au 3, vyenye nyasi kavu
- Vizimba vidogo vya wavu vya kutenga familia
- Kizimba kimoja chenye sakafu ya wavu au mbao zilizoachana, kilichoinuliwa, cha kuvunja kuatamia
- Daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila jike
- Penseli ya kuandikia mayai (kalamu ya wino hupenya ganda)
- Mizani inayosoma gramu
- Rangi ya chakula, mbili tofauti
- Mashine ya kutotolesha, au waatamiaji wa kuazima: kuku, bata wa kienyeji wenye uso mwekundu, au bukini wengine

Hatua

1. Amua unataka nini. Kama huna umeme wa uhakika na unauza vifaranga wachache kijijini, mwatamiaji mtulivu anayelea vizuri ni mali, usimfute. Kama unauza mayai au una mashine, unataka jike anayetaga mitago mirefu (mtago ni mfululizo wa mayai kabla ya jike kupumzika au kuatamia) na kukaa kidogo. Anayetaka vyote agawe kundi: watagaji upande mmoja, na waatamiaji wawili watatu pembeni wa kulalia mayai ya wenzao. Jike mmoja anayetaga 80 na kuatamia kila mtago hayupo. Hesabu ya siku haikubali.

2. Vika pete na uandike ukoo. Kila ndege awe na namba, namba ya mama, namba ya baba na tarehe ya kutotolewa. Kifaranga asiye na mama anayejulikana anaweza kuliwa au kuuzwa, lakini asiingie kwenye kundi la mbegu. Badilisha pete miguu inapokua.

3. Sawazisha matunzo kwa wote. Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla haijaanza. Mayai yakiachwa kiotani humwita jike akae. Ukikusanya kila siku kwa jike mmoja na kuacha kwa mwingine, umepima uvivu wako, urithi hukuupima. Kusanya kwa wote, kila asubuhi. Chakula kiwe kile kile: wakati wa kutaga, mchanganyiko wenye protini asilimia 15 hadi 16, gramu 200 hadi 250 kwa kila mmoja pamoja na majani. Cha kuku wa kutaga kinafaa. Weka chombo cha chokaa ya konokono pembeni, kila mmoja ajichukulie.

Mwanga pia uwe sawa. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana. Hata Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja. Kwa hiyo usitegemee kalenda ya vitabu vya Ulaya inayosema bukini huanza kutaga majira ya kuchipua. Andika tarehe za kundi lako mwenyewe. Taa ikiwaka kwenye banda moja tu, majike wa banda hilo hawalinganishwi na wengine.

4. Jua yai ni la nani. Bukini hutaga zaidi alfajiri na asubuhi, kwa kawaida yai moja kila siku mbili. Chagua njia inayokufaa:

Ya kwanza, kizimba cha familia: dume mmoja na majike 2. Mayai ya majike wawili hutofautiana umbo na uzito, na kila jike hushikilia umbo lake. Kwa wiki moja utakuwa unayatambua.

Ya pili, kupapasa jioni. Jike aliye na yai lililokomaa, ukipitisha vidole taratibu chini ya tumbo kati ya mifupa ya nyonga, utalihisi gumu. Huyo atataga kabla ya asubuhi au asubuhi yenyewe. Mshike mabawa yakiwa yamekunjwa na usiminye. Yai likipasukia ndani unaweza kumpoteza jike.

Ya tatu, rangi. Majike wawili wanaokuchanganya, mpake mmoja rangi nyekundu ya chakula kwenye tundu la kutagia, mwingine bluu. Yai hutoka na mchirizi. Usitumie rangi ya nguo wala ya mafuta.

Andika yai kwa penseli: namba ya jike na tarehe. Pima uzito wa mayai machache kila mwezi. Mengi huwa kati ya gramu 120 na 180. Ukiona jike mmoja ana mayai 25 kwa mwezi, usishangilie, umechanganya majike wawili.

5. Pima kuatamia kwa kipimo kile kile. "Huyu anapenda kukaa" si kumbukumbu. Dalili ni hizi: anang'oa manyoya laini ya kifua na kutandika kiota, anazomea ukikaribia, anatoka mara moja kwa siku kula na kunywa kisha anarudi mbio. Kung'oa manyoya peke yake hakutoshi, kwa sababu wengine hufunika mayai kwa manyoya huku bado wanataga. Tumia kanuni hii: usiku 2 mfululizo kiotani bila yai jipya ni kuatamia. Jike aliyeacha kutaga lakini analala na wenzake haatamii. Huyo yuko mapumziko, ananyonyoka, au mgonjwa.

Kwa kila jike andika vitu vitatu: mitago mingapi na mayai mangapi kila mtago, ameatamia mara ngapi, na siku zilizopita kati ya yai la mwisho la mtago na la kwanza la mtago unaofuata. Hicho cha tatu ndicho hueleza zaidi. Majike wawili wanaweza wote kuatamia mara tatu kwa mwaka, mmoja akarudi kutaga baada ya siku 20, mwingine baada ya 60. Kwa mfugaji wa mayai hao ni ndege wawili tofauti kabisa.

Wote watolewe kiotani siku ile ile, kwa mfano asubuhi ya tatu. Ukimwachia mmoja kwa kumwonea huruma, takwimu zake futa.

6. Jumlisha mwaka mzima, kisha panga. Miezi miwili haitoshi. Mwepesi kuanza si lazima awe mwingi wa mayai. Bukini hukomaa kati ya miezi 8 na 12, na aina nyingi hutaga zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza. Linganisha wa umri mmoja kwa umri mmoja. Msichana wa mwaka wa kwanza mwenye mayai 30 anaweza kuwa bora kuliko mama wa mwaka wa tatu mwenye 38.

Panga kwa jumla ya mayai kwanza. Wakilingana, mbele awe aliyekaa siku chache. Ondoa wenye mayai yenye ganda bovu, wenye miguu mibovu, na walioshuka mno uzito. Wanaobaki juu, robo moja ya kundi, ndio mama wa kizazi kijacho.

7. Chagua madume kwa mama zao na dada zao. Dume hana rekodi yake ya mayai, basi soma ya jamaa zake. Anayestahili ametoka kwa mama aliye juu kwenye orodha, na dada zake kama wameshaanza kutaga wanafanya vizuri. Baada ya binti zake kumaliza mwaka mmoja utajua ukweli wake. Dume akithibitika, mtumie miaka mingi, kwani bukini huzaa muda mrefu. Kwa kawaida dume mkubwa wa kununua sokoni, mwenye shingo ya kuvutia na asiyejulikana mama, ndiye anayerudisha kundi nyuma. Ubaya wake hauonekani mpaka binti zake wakomae.

8. Unganisha mapema. Aina nzito: dume 1 kwa majike 2 au 3. Nyepesi zenye asili ya Uchina: dume 1 kwa majike 4 hadi 5. Bukini hushikamana na wenza wao, hivyo waweke pamoja mwezi mmoja au zaidi kabla ya kutaga. Dume anayebadilishwa katikati ya msimu mara nyingi huwakataa majike, au wao humkataa.

Usimpe dume dada yake wala mama yake. Idadi ya madume ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: majike 10 wakiwa na madume 2 tu, undugu ndani ya kundi huongezeka kwa takriban asilimia 7.5 kila kizazi. Majike wale wale wakiwa na madume 5, hushuka hadi chini ya asilimia 4. Ndege wanaolishwa zaidi ni watatu tu.

9. Totolesha mayai uliyoyachagua, asikuchagulie mwatamiaji. Ikiwa utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Mayai ya mtagaji bora yachukuliwe kila siku, yawekwe mahali pa baridi na kivuli, nyuzijoto 13 hadi 16 ukiweza, yageuzwe mara moja kwa siku, na yaatamishwe kabla ya siku 7 kupita. Mwatamiaji apewe mayai hayo, na ya kwake mwenyewe yaende jikoni.

Kuku hufunika mayai 4 hadi 5 ya bukini na hawezi kuyageuza vizuri, kwa hiyo yageuze wewe mara mbili au tatu kwa siku. Bukini hufunika 10 hivi. Kwa mashine yenye feni weka nyuzijoto 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, ukipandisha hadi 75 siku tatu za mwisho. Kuanzia siku ya 10 fungua mayai yapoe dakika 10 hadi 15 kila siku na uyanyunyizie maji ya uvuguvugu. Pima kwa mwanga siku ya 8 hadi 10, yaani mulika yai kwa tochi uone kama lina mbegu. Vifaranga hutoka kati ya siku ya 28 na 31.

Siku tatu za mwisho tenganisha mayai ya kila mama kwa vijikapu vya wavu. Vifaranga wakishachanganyika mama zao hawajulikani tena.

10. Rudia, na uwe na matarajio ya kweli. Chukua kundi lenye wastani wa mayai 28. Mama uliowachagua wana wastani wa 40, yaani 12 zaidi. Urithi ni moja ya tano, na mama hutoa nusu: binti watapanda kwa yai 1 na kidogo. Ukichagua na madume kwa rekodi za mama zao, unakaribia mayai 2 kwa kizazi. Kizazi kimoja cha bukini, ukisubiri rekodi kamili, ni kama miaka miwili. Asiye na subira hiyo bora anunue mbegu.

Kumtoa jike kwenye kuatamia

Mtoe kiotani asubuhi, mweke kwenye kizimba kilichoinuliwa chenye sakafu ya wavu, kwenye mwanga na upepo, pasipo nyasi wala kona ya giza. Upepo wa chini humzuia kupasha joto tumbo. Mpe maji na chakula kama kawaida. Siku 3 hadi 5 hutosha kwa wengi. Mkaidi hufika wiki. Mrudishe jioni na uangalie kama anakwenda kulala na wenzake. Yai linalofuata hutarajiwa wiki mbili hadi nne baadaye.

Usimnyime maji, usimmwagie maji ya baridi kila siku, usimfunge miguu. Mateso hayo humpunguza mwili na kurefusha muda wa kurudi kutaga. Na ukiwahi siku ya pili au ya tatu ni rahisi. Ukisubiri siku ya kumi, homoni zimeshakaa sawa na ovari imeshasinyaa.

Kumtoa hakubadilishi urithi wake. Binti zake watakaa kama yeye.

Kuingiza mbegu mpya

Dume wa aina inayotaga sana akipandishwa kwa majike wa kienyeji, tarajia binti wawe karibu na katikati ya pande mbili kwa mayai, wakilishwa vizuri. Kwa kuatamia usitarajie katikati hiyo: machotara wa kwanza wanaweza kukaa kama mama zao, na tofauti ikajitokeza kizazi cha pili, wengine wakiwa waatamiaji wakali na wengine hawakai kabisa. Mfugaji anayekata tamaa kwenye kizazi cha kwanza huchinja ndege wake mapema mno. Mpya akae karantini wiki tatu hadi nne, na umuulize muuzaji rekodi za mama yake. Jibu la "wanataga sana" bila namba, lihesabu kuwa hakuna jibu.

Matatizo ya kawaida

*Binti za jike bora wametaga chini ya mama yao.* Ni kawaida. Sehemu ya mayai ya mama ilitokana na bahati na matunzo, na hiyo hairithiwi. Walinganishe na wastani wa kundi la umri wao. Wakiwa juu ya wastani, umefaulu.

*Kundi zima limeatamia kwa pamoja.* Tazama viota kwanza: mayai yameachwa, banda ni giza na joto, au mayai ya mbao yamesahaulika ndani. Wakiwa wote ni ndugu wa mama mmoja, basi ni urithi.

*Mayai mengi hayana mbegu.* Dume ni mchanga, mzee, mnene kupita kiasi, au ana mwenza mmoja tu anayempanda. Jike anayetoa mayai matupu peke yake wakati wenzake wanarutubishwa amekataliwa na dume, mpe mwingine. Aina nzito hupandana kwa urahisi zaidi kwenye maji, hata beseni pana lenye kina cha sentimita 30 husaidia.

*Mayai yameongezeka lakini yamekuwa madogo.* Umechagua idadi peke yake. Ongeza uzito wa yai kwenye upangaji wa hatua ya 6 na weka kiwango cha chini, mfano gramu 120 kwa jike wa mwaka wa pili.

*Vifaranga wanafia ndani ya yai siku za mwisho.* Angalia unyevu na kupoza kwanza. Ikitokea kwa mayai ya mama mmoja na dume mmoja tu, mashine ikiwa ile ile kwa wote, fungua daftari uone kama wana babu mmoja.

*Jike alikuwa mtagaji, sasa ameacha na hakai kiotani.* Angalia manyoya ya mabawa. Yakiwa yanadondoka, ananyonyoka na atarudi. Manyoya yakiwa mazima na mwili umekonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Tumbo likiwa limevimba na anasimama wima kama pengwini, mpeleke siku hiyo hiyo, huenda yai limekwama.